Mja Mzito Anamngoja Nani?

Kutoka Mpendae mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja si safari ya kumchosha mtu. Mwenye miguu mizima aweza kwenda na kurudi kabla jua halijawa kali, na mwenye gari hufika upesi zaidi ya muda alioutumia kutafuta ufunguo wake. Mtu wa Mpendae hana haja ya kupanda mashua kama mtu wa Tumbatu. Basi lau ukaribu wa hospitali peke yake ungalitosha kumwokoa mama mwenye uchungu, mjini kusingalikuwa na mwanamke hata mmoja anayefikishwa mlangoni mwa hospitali akiwa amekwisha kuchelewa. Lakini wako, na wakunga wawajua.

Neno tunalotaka kulisema leo ni hili: kinachomtenga mama na tiba si maili tu. Aghalabu ni watu walioketi naye chumbani, watu wanaompenda, ambao hakuna aliyewafundisha la kufanya wala aliyewapa idhini ya kulifanya.

Natuchukue mfano. Si wa nyumba fulani, ni wa nyumba nyingi, na msomaji aweza kuujaza majina mwenyewe. Mwanamke ana mimba ya miezi minane. Tangu alasiri kichwa chamuuma, macho yanafanya kiwi, na vidole vimevimba hata pete haitoki. Saa nne ya usiku anasema hajisikii vizuri. Mama mkwe anamwambia, "Mngoje mumeo, mwanangu, aje atupe rai." Mume yuko zamu ya usiku, au yuko Dar es Salaam, au simu yake imezimika. Shangazi anatia ubani chetezoni, maana aliwahi kumwona mwanamke wa namna hiyo akitupatupa mikono, na siku ile ilisemwa kuwa ni shetani. Mtoto anatumwa kwa maalimu akalete kombe. Jirani ana gari, lakini amelala, na kugonga mlango wa watu usiku ni haya. Inafika saa saba, na mgonjwa hajatoka chumbani.

Hapana adui katika chumba kile. Mama mkwe anaichunga heshima ya nyumba ya mwanawe. Shangazi anafanya alilofunzwa na mama yake. Mgonjwa mwenyewe ananyamaza kwa sababu amelelewa kwamba mwanamke mwema hasumbui watu. Wote wana mapenzi, na mapenzi yote yale hayakumsogeza hatua moja kuelekea kwa mkunga.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi uliokusanya habari za nchi nyingi maskini, wakaonyesha kwamba vifo vya wazazi hutokana na kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda kutafuta tiba. Pili ni kuchelewa kufika penye tiba. Tatu ni kuchelewa kupata tiba yenyewe baada ya kufika. Tangu hapo wakunga na matabibu wa dunia nzima huzungumza habari za machelewo matatu. Katika kisiwa chetu, mtu wa Nungwi na mtu wa Makunduchi waweza kuitaja barabara na nauli, na twawaamini. Lakini mtu wa Mpendae akitaja barabara tutamcheka. Kuchelewa kwake huanza ndani ya nyumba, na aghalabu ndiko kunakokula muda mrefu kuliko kwingine kote.

Na muda ndio dawa yenyewe. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua yaweza kumuua kwa saa chache mwanamke aliyeamka mzima wa afya. Tiba yake yajulikana: sindano ya oksitosini inayolifanya tumbo la uzazi lijikaze, mkono wa mkunga ajuaye kulikanda, na damu ya kumwongezea ikiwa iliyopotea ni nyingi. Kifafa cha mimba nacho mara nyingi hakivamii mtu bila ya hodi. Hutanguliwa na shindikizo la damu kupanda, na aghalabu kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na maumivu ya chembe cha moyo. Dawa yake, magnesiamu salfeti, si dawa ya matajiri. Ni ya bei ndogo, imejulikana kwa miaka mingi, na hutolewa kwa sindano. Lakini sindano haiji Mpendae kumtafuta mgonjwa kitandani. Sisi hatumkatazi mtu dua, maana anayeugua ana haki ya kumwita Mola wake. Anayetaka kunywa kombe na anywe, lakini alinywee garini.

Yatupasa pia kusema kweli ya upande wa pili, ili asije mtu akadhani twaomboleza bila ya kuona kilichofanyika. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba katika Tanzania walikufa akina mama 556 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hizo ni hesabu za nchi nzima, tena ni makadirio, lakini mwelekeo wake waonekana. Basi anayekufa leo anakufa kwa jambo ambalo mwenziwe wa mtaa wa pili ameponyoka nalo. Hapo ndipo penye dhuluma. Msiba unaompata kila mtu huitwa majaaliwa. Msiba unaowachagua wasiojua na wasio na sauti una jina jingine.

Wako watu wanaodhani kwamba elimu ya mwili wa mwanamke imeletwa pwani hii na meli. Hao hawazijui nyumba zao. Kabla ya hospitali yoyote kujengwa Unguja palikuwa na somo na palikuwa na kungwi, na mwari alifundishwa mambo ya hedhi, ya usafi, ya ndoa na ya kuzaa kwa maneno ambayo baba yake hakuthubutu kuyatamka. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ulimwengu wa nje ulimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa hapa walimjua pia kwa ngoma ya unyago na kwa mafunzo yake. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na kungwi ndiye aliyelifanyia kazi neno hilo.

Ila mafunzo yale yalikuwa na ukuta wake. Kungwi hakuwa na chombo cha kupimia shindikizo la damu. Mkunga wa jadi ana mikono yenye busara, lakini damu ikifunguka mikono haitoshi. Twasema haya bila ya dharau, na tungependa wanaosimama mikutanoni kuwakemea wakunga wa jadi wapunguze ukali wao. Mwanamke huyo ndiye anayeitwa kwanza usiku. Ukimtukana hadharani, hataacha kuitwa. Ataacha tu kukuambia. Afadhali mara mia awe yeye ndiye anayesimama katikati ya chumba na kusema, "Hili si la kwangu, twendeni hospitali." Neno lake mama mkwe atalisikia kuliko neno la mhariri wa gazeti.

Habari ya elimu ya skuli ni ndefu, nasi tutaipita kwa haraka. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili maandishi ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma na hawakufundishwa kuandika. Ikiwa binti wa Sultani iliyembidi aiibe elimu, mtoto wa kike wa mtumwa katika shamba la karafuu alipata nini? Skuli ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927. Baada ya Mapinduzi, mwezi wa Septemba 1964, Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na mwaka uliofuata yakatangazwa matibabu bila ya malipo.

Yale yalikuwa matangazo makubwa, na wazee walioyasikia wakumbuka furaha yake. Yalivunja bei iliyosimama mlangoni mwa hospitali. Lakini tangazo la Serikali haliwezi kufuta nauli ya gari ya shamba, wala haliwezi kuingia chumbani saa nne ya usiku na kumwambia mama mkwe asingoje. Kazi hiyo ya pili haifanywi kwa tangazo. Hufanywa kwa mafunzo ya nyumba kwa nyumba, na hufanywa na majirani.

Kwamba yawezekana, tunao ushahidi wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1973 upande wa Bara uliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, mmoja akawasomea kitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya katika kijiji chao. Walioshiriki walikuwa kiasi cha milioni mbili. Jambo la kutazama hapo si redio, kwa kuwa redio husema na mtu akaendelea kumenya muhogo. Jambo la kutazama ni kile kikao kilichofuata redio: watu wanaojuana, wakiulizana mbele ya macho ya wenzao nani atachimba choo na lini. Mtu huogopa kumdanganya jirani kuliko anavyoogopa kuidanganya Serikali.

Unguja nayo ina ushahidi wake, na ushahidi huo una utamu na uchungu. Katika miaka ya 2009 na 2010 ulifanywa utafiti katika vituo vya afya 24 vya wilaya sita za Zanzibar, ukawafuata waja wazito 2,550. Wale wa baadhi ya vituo walipelekewa ujumbe wa simu wa kuwaelimisha na kuwakumbusha siku za kliniki, wakapewa na vocha ili waweze kumpigia mkunga. Wale wa vituo vingine walipata huduma za kawaida. Katika kundi la simu, asilimia 60 walijifungua wakiwa na mkunga au tabibu aliyesomea kazi hiyo. Katika kundi la pili ni asilimia 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44, dhidi ya asilimia 31.

Huo ndio utamu. Uchungu ni kwamba faida ile ya kujifungulia kwa mkunga ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wa mashamba haikuwafikia. Ujumbe ulikuwa mmoja, vocha ni moja, kisiwa ni kimoja, na bado mama wa Ng'ambo akatangulia na mama wa shamba akabaki. Yatupasa kulifikiri sana jambo hili sisi tunaokaa mjini. Elimu ikimwagwa kama mvua juu ya ardhi isiyo sawa, maji hukimbilia mahali palipokwisha kuwa na bonde. Mwenye simu yake mwenyewe, ajuaye kusoma, aliye karibu na kituo, hupokea. Mwenye simu ya mume, ambayo hulala mfukoni mwa mume, hapokei kitu. Kwa rai yetu, anayesema "tumeelimisha" bila ya kuuliza ni nani aliyesikia, amehesabu barua alizotuma na hakuhesabu zilizofika.

Baada ya hapo ukaja mpango wa Jamii ni Afya, ulioenezwa katika wilaya zote za Unguja na Pemba kufikia mwaka 2021, wenye wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000. Hawa ni watu wa shehia zenyewe. Humwendea mja mzito nyumbani kwake, wakiwa na simu inayowaongoza wamwulize nini na wamfundishe nini, na pamoja na nyumba yake hupanga mapema mambo ya uzazi: atajifungulia wapi, nauli itatoka wapi, nani atafuatana naye, dalili zipi ni za hatari. Twaupenda mpango huu kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko hiyo simu. Mhudumu anapoketi kwenye mkeka, mama mkwe naye yupo na anasikia. Neno la hatari likiisha kusemwa mchana, mbele ya wote, na mtu wa mtaa, usiku halihitaji kugombaniwa upya.

Lakini watu wetu wana tabia ya kukipenda kitu cha bure mpaka kikachakaa. Kujitolea kuna mpaka wake. Mhudumu mwenye watoto, anayepita nyumba hadi nyumba juani, naye ana sufuria yake mekoni. Kama shehia yaweza kuchanga kwa ajili ya maulidi na kwa ajili ya mpira, yaweza kuchanga ili mhudumu wake asikose nauli na viatu. Wala hatusemi kwamba mchango wa mtaa ushike mahali pa bajeti ya Serikali. Twasema mtaa usiozijua hata sura za wahudumu wake hauwezi kuisimamia Serikali juu ya haki zao.

Sasa tuje kwenye kuchelewa kwa tatu, kule kunakotokea ndani ya hospitali. Hapa wafanyakazi wasomao ukurasa huu watainua masikio, na ni haki yao, maana mara nyingi mwuguzi hubebeshwa lawama za mfumo mzima. Mkunga mmoja akijikuta na wanawake kadhaa wenye uchungu kwa wakati mmoja, hawezi kuwa pembeni mwa kila mmoja, hata awe malaika. Na vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa ajili ya hospitali zenye watumishi tele havimsaidii. Humtia aibu tu.

Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja lilifanyika jambo la kupigiwa mfano. Wakunga na madaktari wa hospitali hiyo, pamoja na watafiti kutoka nje, walitunga mwongozo mfupi wa kutia mfukoni, ulioitwa PartoMa, wa kumwangalia mama mwenye uchungu kwa namna inayowezekana katika hali halisi ya wodi ile. Kisha yakafanywa mafunzo mafupi, yakarudiwa mara kwa mara, nje ya saa za kazi, na watumishi wakahudhuria kwa hiari yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto waliozaliwa wamekufa hospitalini hapo walipungua kutoka 59 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa mpaka 39. Hakukuwa na mashine mpya ya kushangaza. Walikuwa watumishi wale wale, wadi ile ile, wazazi wale wale. Kilichoongezeka ni elimu iliyokatwa kwa kipimo cha mvaaji, na heshima ya kumshirikisha mfanyakazi katika kuitunga. Tukumbuke hayo kila tunapoona kikao cha mafunzo kinafanywa hotelini kwa siku tano, watu wakipewa mikoba, na hakuna anayerudi kuuliza wodini kumebadilika nini.

Afya ya mwanamke, tena, haiishii kwenye uzazi. Huko Paje na Jambiani kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na kikawa kazi ya wanawake zaidi ya wanaume. Kiliwapa pesa za mkononi, na pesa ya mkononi ni sehemu ya tiba, kwa kuwa mwenye nauli yake hana haja ya kungoja wa kumpa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wakulima hao wakilalamikia uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, macho, vifua, na majeraha ya viumbe vya baharini, na kipato chao kilikuwa kidogo mno. Mama aliyeajiriwa ofisini ana likizo ya uzazi kwa sheria. Mama wa mwani hana mwajiri wa kumwomba likizo. Anaomba bahari, na bahari haina ofisi. Wanachama wanaopenda kusema habari za wafanyakazi wasimsahau mfanyakazi huyu asiye na kadi ya chama cha wafanyakazi wala saa ya kutokea kazini.

Na yuko binti wa skuli. Sheria ya mwaka 1985 ya Zanzibar iliwezesha mwanamke asiye na mume akipata mimba atiwe gerezani. Ilifutwa na sheria ya mwaka 2005. Tangu mwaka 2010 msichana aliyejifungua ameruhusiwa kurudi skuli hapa Visiwani. Tanzania Bara ilifungua mlango huo mwezi wa Novemba 2021. Yako matamshi makali juu ya jambo hili misikitini na makanisani, nasi twayaheshimu matamshi yanayomlinda mtoto asiingie katika mimba. Lakini mimba ikiisha kuwapo, kumtoa skuli ni kuongeza mama mwingine asiyejua kusoma kadi yake ya kliniki. Nani anafaidika?

Mwaka 2018 ilianza chanjo ya kuwakinga wasichana na kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Walioanza ni wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Aina mbili za kirusi hicho, zipewazo namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hiyo. Uvumi nao haukukawia: kwamba chanjo itawakausha wasichana vizazi. Uvumi wa namna hii haupingwi kwa bango. Mzazi hubadilishwa na mtu anayemjua: mwalimu wa chuoni aliyempeleka binti yake mwenyewe, au mwuguzi aliye jirani. Wakumbuke wenye kukata tamaa kwamba malaria ilipoangushwa hapa Zanzibar, hata kwa miaka mingi baada ya 2008 ikawa haizidi mtu mmoja katika mia, haikuangushwa na dawa peke yake. Watu walifungua milango yao kwa wapigadawa, wakalala ndani ya vyandarua walivyovidharau mwanzoni.

Tunarudi chumbani. Yuko mtu mmoja ambaye hajazungumza katika habari hii yote, naye ni mume. Wanaume wa mtaani hukaa barazani wakazungumza siasa, mpira na bei ya mafuta, na wanapotajiwa habari za uzazi husema, "Hayo ya kina mama." Kisha usiku ndio ruhusa yao inayongojwa. Haiwezekani jambo liwe la kina mama mchana na idhini yake iwe ya kina baba usiku. Ama mume ajifunze dalili tulizozitaja hapo juu na akae na nauli tayari, ama atamke mapema, mbele ya mama yake na mke wake, kwamba siku ya dalili hapana wa kungojwa. Maneno hayo machache hayana gharama. Khatibu wa Ijumaa aweza kuyasema mimbarini kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kututangazia viatu vilivyopotea, na padri aweza kuyasema Jumapili.

Wako watakaotuambia kwamba watu wetu huficha mimba kwa kuogopa husuda, na kwamba mambo haya hayaandikwi katika daftari la mkutano. Twalijua hilo, na haya ya mwanamke tutaichunga. Basi katika mkutano ujao wa shehia ya Mpendae, na katika kila tawi litakalosoma maneno haya, majina ya waja wazito yasisomwe. Yabaki kwa mhudumu wa afya anayewazuru, maana amekwisha kuaminiwa. Yasomwe majina ya wenye magari walio tayari kugongewa mlango saa yoyote ya usiku, na namba zao za simu, na majina ya walio tayari kutoa damu. Karatasi hiyo ibandikwe kwa sheha, nakala ipelekwe kila nyumba, na mwenye gari ambaye jina lake halimo aulizwe na jirani zake kwa nini.